Muulize Mama Breka: Nimezima breka, mbona baa bado zina moto?

Kabla sijafungua barua za mwezi huu, nawashukuru walionitumia picha za paneli zao. Mbili nimezipenda. Ya tatu, yenye kipande cha waya wa kufungia uzio mahali pa fyuzi, nimemwonyesha mjukuu wangu ajue shetani anafananaje. Sasa tuingie kazini. Barua zote tatu ni za winchi za juu, zile zinazotembea darini mwa karakana.

Barua ya kwanza, kutoka Njiro, Arusha

Shikamoo Mama Breka. Mimi ni fundi umeme wa zamu kwenye karakana ya vyuma. Tuna winchi mbili za juu, ya tani 10 na ya tani 5, zinatembea kwenye reli zilezile zenye urefu wa mita 72. Umeme zinaupata kwenye baa tatu za shaba zilizofungwa kandokando ya reli. Baa zinalishwa na kebo mbili za shaba za milimita za mraba 16. Moja inaingia mwanzo wa baa, upande wa paneli kuu, ina kama mita 25. Ya pili imezunguka ukutani hadi mwisho wa jengo, kama mita 100. Kila moja ina breka yake ya ampia 63. Juzi insuleta, kile kishikilia baa kisichopitisha umeme, ya upande wa mwisho ilipasuka. Nikazima breka ya kebo ndefu, nikapanda jukwaa, testa ikawaka. Nikashuka. Mwenzangu akasema huo ni umeme wa kuazima tu, nipande nimalize. Je, ni kweli? Tena breka ya kebo fupi inakata mara mbili tatu kwa wiki, na ikikata tu, ile ya kebo ndefu nayo inafuata, mzigo unabaki unaning'inia. Meneja anataka tuweke breka ya ampia 100 yaishe. Unasemaje?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kushuka kwako ndiyo kazi bora uliyofanya wiki ile. Mwenzako mwambie nimemsikia, na kwamba haukuwa umeme wa kuazima. Ulikuwa volti 400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya fezi na ardhi, kutoka paneli ileile. Ulipita kebo fupi, ukasafiri kwenye baa mita zote 72, ukaja kukungoja palipo na insuleta yako. Wewe ulifunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Kwetu Kibosho migomba inanyweshwa kwa mfongo, yaani mfereji wa maji. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha marehemu baba kilipokea maji ya mifongo miwili, mmoja unaingilia juu karibu na zizi, mwingine umezunguka kwa jirani na kuingilia pembeni. Tukiwa watoto tulitumwa kuziba mmoja ili baba apande maharage pakavu, na kila mara alirudi na matope hadi magotini akituuliza tumeziba nini. Umeme wako ni hivyohivyo, ila kuna tofauti moja mbaya: maji hayapandi mfongo kurudi yalikotoka, umeme unapanda. Ukizima breka ya kebo ndefu, kebo nzima ya mita 100 inabaki na moto, yaani umeme, kutoka upande wa baa, mpaka kwenye skrubu za chini za breka uliyoizima. Anayefungua skrubu hizo akiamini zimekufa, atakuwa anaamini peke yake.

Hili silisemi kwa kusoma. Mwaka 1996 nilikuwa kwenye karakana moja hapa Moshi ambayo siitaji. Jengo lilikuwa limerefushwa na mkandarasi akaongeza kebo ya pili mwisho wa baa, maana winchi ilikuwa inachoka ikifika kule mbali. Mchoro uliobandikwa ndani ya mlango wa paneli haukuguswa. Ulionyesha kebo moja. Nilizima swichi iliyoandikwa WINCHI, nikatia kofuli, funguo nikaweka mfukoni. Dereva akabonyeza vitufe, winchi kimya. Tukaridhika sote. Kumbe winchi ilikuwa kimya kwa sababu swichi yake yenyewe, iliyoko juu kwenye daraja lake, ilizimwa tangu asubuhi. Msaidizi wangu akapeleka spana namba 17 kwenye boliti, mkia wa spana ukagusa baa ya pili. Sikusikia mlio, niliona weupe tu. Kijana aliungua nyusi na mkono hadi kiwiko, akapona. Spana iliyoliwa nusu ninayo kabatini hadi leo. Kofuli langu lilikuwa sahihi na funguo ilikuwa mfukoni. Kosa letu la kwanza ni kwamba hatukupima, na la pili, tulichukua ukimya wa winchi kuwa ushahidi wa baa. Winchi ikikataa kutembea, umejua habari za winchi. Baa hujazijua.

Sasa breka inayokata. Mnahesabu 63 na 63 mnapata 126, mnaona mna nafasi tele. Umeme hauhesabu hivyo. Kebo mbili zikikutana mbele, mkondo unagawana kwa kufuata upinzani wa kila njia, na njia fupi ndiyo inayobeba zaidi. Kebo zako ni unene mmoja, lakini moja ina urefu mara nne ya nyingine. Winchi zikiwa karibu na paneli na zikivuta jumla ya ampia 100, fupi inabeba kama 80 na ndefu kama 20. Hapo sijaweka upinzani wa baa zenyewe, ambao unaizidishia ndefu safari. Breka ya 63 inavumilia kwa muda, inachoka, inakata. Mzigo wote wa ampia 100 unaangukia kebo ndefu kwa ghafla, nayo inakata. Fungua daftari la zamu uangalie winchi zilikuwa wapi kila ilipokata. Nakubali kupoteza kilo ya kahawa kama hutakuta nyingi zilikuwa upande wa paneli. Zikiwa mwisho wa jengo mgao unasogea kwenye usawa, kwa sababu hapo kebo fupi nayo inabidi iongezewe safari ya baa.

Kama una mita ya klampu, ile inayobana waya na kusoma mkondo, usinisadiki. Bana fezi moja ya kila kebo winchi ya tani 10 ikiinua mzigo, kwanza mwanzoni mwa njia, halafu katikati, halafu mwisho. Andika namba sita. Mpelekee meneja karatasi hiyo, itasema vizuri kuliko mimi.

Breka ya 100, hapana. Kazi ya kwanza ya breka ni kuilinda kebo. Kebo ya milimita 16 yenye ganda la PVC, tena ikiwa ndani ya bomba, haibebi ampia 100 mchana kutwa. Mkiweka hiyo, breka itaacha kusumbua, na ganda la kebo litaanza kupikika taratibu mahali msipopaona. Meneja atafurahi miezi kadhaa.

Kuna baya zaidi ambalo hukuuliza. Tuseme forklifti inagonga ukuta na kuiumiza kebo ndefu katikati. Shoti inatokea. Breka yake inakata papo hapo, na unadhani mambo yameisha. Hayajaisha. Shoti bado inalishwa kwa nyuma: kebo fupi, baa mita 72, halafu nusu ya kebo ndefu kurudi palipoumia. Njia hiyo ni ndefu, upinzani wake unapunguza mkondo, na breka ya kebo fupi inaweza kuchukua muda kabla ya kuamua kuwa hii ni shoti na siyo mota inayoanza kazi. Wakati inafikiri, ukuta unawaka. Ndiyo sababu kebo zinazoingia kwenye baa sehemu tofauti zinataka kinga ncha zote mbili, huku paneli na kule zinapoingia kwenye baa, ili iliyoumia itengwe kutoka pande zote. Kule kwenye baa wengine huweka fyuzi. Mimi napendelea breka ya pole tatu, inayokata fezi zote tatu pamoja, maana fyuzi ikiungua fezi moja tu mota zinabaki zikiguna kwa fezi mbili. Kama lazima iwe fyuzi, weka na rilei ya kukata zote fezi moja ikipotea.

Ufanye nini? Leo hii, kabla hujala chakula cha mchana, bandika kibao kwenye kila breka kati ya zile mbili: KEBO 1 KATI YA 2, ZIMA ZOTE. Haitoshi, lakini inazuia kijana wa zamu ya usiku asirudie uliyoyafanya. Hatua ya pili ni aisoleta, yaani swichi ya kutenga umeme, moja ya pole tatu iliyo juu ya breka zote mbili, ambayo ukiivuta, kebo zote na baa zote zinakufa kwa mkono mmoja. Iwekwe kwenye nguzo, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama chini, mahali ambapo aliye juu ya jukwaa anaiona na aliye chini anaifikia bila ngazi. Na iwe na tundu la kofuli. Aisoleta iliyoko ndani ya ofisi ya stoo, ambayo mwenye funguo ameenda msibani Machame, hiyo ni pambo.

Lakini ukiniuliza ningefanya nini kama karakana ni yangu, ningeziondoa kebo zote mbili. Kwani kwa nini ya pili iliwekwa? Kwa sababu ya kushuka kwa volti. Mota ya kuinulia tani 10, tuseme ya kilowati 15, inavuta kama ampia 29 ikiwa kazini, na ikiwashwa moja kwa moja inaweza kuvuta mara sita, karibu 170. Kebo ya shaba ya milimita 16 ina upinzani wa omu 1.15 kwa kilomita. Kwenye mita 100 unapoteza volti kama 20 kati ya 230 kila fezi. Nguvu ya kuzungusha ya mota inashuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo hapo umeshapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu yake. Winchi inanung'unika, dereva analalamika, mkandarasi anaongeza kebo. Dawa ya zamani na rahisi ni kulisha baa katikati. Kutoka paneli yako hadi katikati ni kama mita 61. Kebo moja ya milimita 35, yenye omu 0.524 kwa kilomita, kwa mkondo uleule inapoteza volti kama tano na nusu, na sehemu ya mbali kabisa ya baa inakuwa mita 36 badala ya 72. Kebo moja, breka moja, aisoleta moja. Hakuna cha kugawana wala cha kurudi nyuma. Hesabu ya mwisho aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA ya daraja linalostahili, akiwa amesimama ndani ya jengo lenu, maana mimi nahesabu nikiwa barazani.

Kama meneja ameshanunua kebo mbili na hataki kusikia habari nyingine, basi ziwe pacha kweli: unene mmoja, aina moja, urefu mmoja, zipite njia moja, ziingie kwenye baa mahali pamoja, chini ya breka moja. Hapo zinagawana nusu kwa nusu na unaweza kuzihesabu kama kebo moja nene. Kila baada ya miezi sita zibane na klampu. Siku utakayokuta moja ina ampia 48 na nyingine ina 9, lagi, kile kifungio cha chuma cha ncha ya kebo, imelegea mahali, na pacha mmoja anabeba mzigo wa wawili kimyakimya bila breka kujua.

Wapo watakaokushauri ukate baa katikati, kila nusu iwe na kebo yake. Si ushauri mbaya, unakuwezesha kutengeneza nusu moja huku winchi ya pili ikifanya kazi. Ila panda uangalie viatu vya winchi yako, vile vya kaboni vinavyoteleza kwenye baa. Winchi nyingi zina viatu viwili kwa kila fezi, ili kimoja kikiruka kwenye kiungo, cha pili kishike. Umbali kati ya viatu ukizidi ule mwanya uliokata, winchi ikisimama hapo inaunganisha nusu mbili, na nusu uliyoifunga kwa kofuli inapata moto kupitia viatu. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na fundi aliyekuwa zamu aliapa ni uchawi. Kwa hiyo ukikata baa, weka na vizuizi vya reli vya kufungwa kwa kofuli, winchi isiweze kusogea hadi mwanyani wakati mtu yuko kwenye baa.

Na insuleta yako hiyo, ibadilishe hivi. Zima breka zote mbili, kila moja kofuli lake, funguo zikae kwako, si kwa msimamizi. Jaribu kipimo chako mahali penye moto unaoujua, kwenye soketi ya ofisini. Panda, pima fezi kwa fezi mara tatu, fezi kwa ardhi mara tatu, palepale utakapofanyia kazi. Shuka, jaribu tena kipimo kwenye soketi ileile, kwa sababu kipimo nacho hufa. Halafu funga baa zote tatu pamoja na ardhi kwa waya mnene wenye vibano: anza na ardhi, malizia na baa. Mtu akiwasha kwa makosa, breka itakata kabla hujaumia. Kama winchi zenu zina invata, kile kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota, usifungue boksi lake kabla ya muda ulioandikwa kwenye kibandiko chake kuisha. Kapasita zake, zinazohifadhi umeme, hazijui kama umezima.

Barua ya pili, kutoka Unga Limited, Arusha

Mama, habari za Moshi. Nina karakana ndogo ya kutengeneza matela, winchi moja ya tani 3. Umeme ukikatika kazi inalala. Fundi amenishauri tuchomeke jenereta mwisho wa baa, halafu tuwe tunazima breka ya TANESCO kwa mkono kabla ya kuiwasha. Anasema ni nafuu kuliko kununua swichi ya kubadilishia. Nifanye?

Jibu

Usifanye, na huyo fundi usimpe kazi nyingine kabla hajasoma jibu la kwanza. Anakujengea mfongo wa pili, ila huu chanzo chake ni kingine kabisa. Siku kijana akisahau kuzima breka, jenereta yako itasukuma umeme nje, kupitia transfoma itapanda kuwa maelfu ya volti, na kwenye nguzo kuna baba wa watu amevaa mkanda anatengeneza laini akijua imezimwa. Na kama yeye amesalimika, umeme ukirudi utakuta jenereta inazunguka kwa mwendo wake, na shafti inaweza kukatika. Nunua swichi ya kubadilishia yenye kufuli ya kimakanika, ambayo upande mmoja hauwezi kufunga mpaka mwingine ufunguke. Iwekwe kabla ya breka ya winchi. Mwisho wa baa pasiingie kitu. Unafuu wa fundi wako ni bei ya swichi moja, nawe umetaja matela. Nadhani unajua bei ya tela moja.

Barua ya tatu, kutoka Pasua, Moshi

Shikamoo Bibi. Nimemaliza VETA mwaka huu. Nimepewa kazi ya kuunganisha kebo mpya kwenye baa za winchi ya zamani. Kebo mpya ina kahawia, nyeusi, kijivu na buluu. Waya za zamani ni nyekundu, njano, buluu na nyeusi. Nifuate rangi zipi?

Jibu

Marahaba, mjukuu. Umeuliza swali ambalo wakubwa zako wanaona haya kuliuliza. Katika mpango wa zamani tulioupata kwa Waingereza, fezi ni nyekundu, njano na buluu, na nyutro ni nyeusi. Katika mpango mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Umeona mtego? Buluu ilikuwa fezi, sasa ni nyutro. Nyeusi ilikuwa nyutro, sasa ni fezi. Ukiunganisha buluu kwa buluu kwa sababu zinapendeza pamoja, umepeleka fezi kwenye nyutro.

Kwa hiyo usifuate rangi, fuata mita. Na kama kebo yako inaingia kwenye baa ambazo tayari zina kebo nyingine, rudi ukasome jibu la Njiro lote, halafu kabla ya kukaza lagi hata moja simamisha kazi na upime volti kati ya fezi unayoileta na fezi unayoikuta. Zikiwa ni fezi moja utasoma sifuri au karibu na hapo. Ukisoma 400, umeshika fezi tofauti, na boliti hiyo ukiikaza utapata spana kama yangu. Upimaji huo ufanywe na fundi mwenye leseni, wewe ukiwa umesimama nyuma yake na daftari. Ardhi nayo usiiache kwa magurudumu na reli kama wazee walivyofanya, kuna rangi, kutu na grisi katikati. Kama hakuna baa ya nne ya ardhi, mwambie msimamizi kabla ya kuanza, kwa maandishi. Visha mikono ya utepe wa rangi mpya kwenye ncha zote za waya za zamani, uchore mchoro wa ulichokikuta na ulichokiacha, tarehe juu, ubandike ndani ya mlango wa paneli. Halafu nitumie picha ya lagi zote kabla hamjawasha.